Video inakatakata ndani ya programu ya muziki: tuanzie wapi kutafuta tatizo

Mkono wa mpigaji bado uko juu, pigo limeshasikika. Picha inaruka, mkono unaonekana umeshatua kwenye ngozi, na safari yake yote ya kushuka hukuiona. Unarudisha nyuma, unacheza tena: inaganda, inakimbia, inaganda. Sauti yenyewe inatiririka bila kasoro.

Hapa Mtwara naletewa tatizo hili kila mara, tangu vikundi vya ngoma, kwaya na wapiga picha wa harusi walipoanza kutaka video yenye sauti ya studio badala ya ile ya simu. Kijana anarekodi picha kwa simu, kinasa sauti kikiwa pembeni. Anaingiza vyote kwenye programu ya muziki kama Cubase, REAPER au Live, na video inaanza kusuasua. Anaambiwa mashine imechoka. Korosho zikiuzwa anaomba hela nyumbani, anapanda basi mpaka Kariakoo, anarudi na laptopu nyingine. Video inasuasua vilevile.

Nataka hela hiyo ibaki nyumbani. Katika mashine nyingi nilizokalia, ubovu ulikuwa kwenye faili la video, na dawa yake ilikuwa ya bure. Kwa wanaorekodi ngoma za huku kwetu, jambo hili lina uzito wa pekee. Vinganga, zile ngoma ndogo za Wamakonde, hupigwa kwa fimbo nyembamba mbili, tena kwa haraka kiasi kwamba fremu chache (zile picha moja moja zinazounda video) zikipotea hujui fimbo ipi imegonga. Mzee aliyeegesha ngoma yake jirani na moto mpaka ngozi ikakaza na kutoa mlio anaoutaka, anastahili kuonekana akipiga pale pale anaposikika.

Kwa nini sauti ni nzima na picha ndiyo inayoumia

Programu ya muziki imejengwa kuilinda sauti kuliko kitu kingine chochote. Sauti hupelekwa kwa mafungu, na ukubwa wa kila fungu ndio ile bafa unayoichagua kwenye mipangilio. Ukiweka bafa ya sampuli 128 (sampuli ni kipimo kimoja kidogo cha sauti) huku projekti, yaani kazi yako ndani ya programu, ikiwa kwenye sampuli 48,000 kwa sekunde, kompyuta ina takriban milisekunde 2.7 kumaliza hesabu za kila treki, kila rivabu (mwangwi wa kuongezwa) na kila ala ya kompyuta, kisha inaanza fungu linalofuata. Ikichelewa hata kidogo unasikia mlio wa "tak" kwenye spika. Ili hilo lisitokee, programu iko tayari kuitupa picha. Fremu ambayo haijawa tayari kwa wakati wake inaachwa, inaonyeshwa inayofuata.

Kwa hiyo video ndani ya programu hizi hula makombo. Ikikatakata, maana yake makombo hayatoshi: ama video yenyewe inakula sana, ama sauti imemaliza chakula chote, ama jiko zima limepungua moto. Dalili ndiyo inayokwambia ni lipi kati ya hayo.

Majaribio mawili kabla ya kugusa mpangilio wowote

La kwanza, fungua projekti mpya iliyo tupu. Usiweke plagini (programu ndogo za kuichezea sauti) wala ala, weka ile video peke yake na ucheze. Ikiwa laini, faili lako linabebeka na mzigo uko kwenye projekti. Ikikwama hata hapo, shughulika na faili au na mashine, na usihangaike kuzima plagini moja moja.

La pili ni kucheza faili hilo hilo kwenye VLC, kicheza video cha bure. Hapa ndipo wengi wanapopotezwa njia. Alinijia kijana mmoja kutoka Newala, laptopu ameikumbatia.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba, mdogo wangu. Inasumbua nini?"

"Kaka, kwenye VLC inacheza kama maji. Nikiiingiza kwenye projekti inakufa. Basi faili ni zima, mashine ndiyo mbovu."

Hesabu yake inaeleweka, ila si sahihi. VLC ina kazi moja tu, kwenda mbele. Inasoma kabla ya wakati, inajiwekea akiba, na mara nyingi inaikabidhi kazi ya kufungua picha kwa sehemu maalumu iliyomo kwenye chipu ya grafiki. Programu ya muziki haina raha hiyo. Wewe unaruka kutoka kiitikio hadi mwanzo, unazungusha mapigo manne mara ishirini, unavuta kielekezi kwa kipanya, na kila mara picha inatakiwa iwe sawasawa na saa ya sauti. Baadhi ya programu zinafanya kazi hiyo yote kwa prosesa peke yake. Faili likikwama kwenye VLC, hakika ni zito kwa mashine yako. Likicheza vizuri kwenye VLC, bado hujalisafisha na tuhuma.

Dalili: inaganda ukiruka mahali au ukizungusha kipande, kisha inatulia

Hii ndiyo ninayoiona zaidi ya zote, na ndiyo ya yule kijana wa Newala.

Fikiria daftari la mkopo la dukani. Tarehe mosi muuza duka anaandika deni lako lote. Siku zinazofuata haandiki jumla, anaandika mabadiliko tu: umechukua sukari, umechukua sabuni, umelipa elfu mbili. Daftari linabaki jembamba. Lakini ukimuuliza tarehe ishirini unadaiwa kiasi gani, inabidi arudi tarehe mosi ajumlishe mstari kwa mstari mpaka alipofika leo.

Video ya simu ya kawaida, iwe H.264 au H.265 (hizi ni kodeki, yaani njia za kubana na kufungua video), imeandikwa hivyo hivyo. Kuna fremu kamili moja, halafu msururu wa fremu zinazobeba mabadiliko tu, halafu kamili nyingine. Kwenye simu nyingi fremu kamili huja kama mara moja kwa sekunde. Video iliyopita kwenye programu ya kubana inaweza kuwa mbaya zaidi: kodeki ya x264, usipoiambia vingine, inaweza kuacha hadi fremu 250 kati ya moja kamili na nyingine, yaani zaidi ya sekunde nane kwa video ya fremu 30 kwa sekunde. Unapobofya katikati ya wimbo, kompyuta inarudi kwenye fremu kamili iliyotangulia, inajumlisha kila kitu, ndipo inakuonyesha ulichoomba. Ukizungusha sekunde mbili za vinganga, inarudia hesabu hiyo kila mzunguko.

Dawa ni kutengeneza nakala ya kazi ambayo kila fremu ni kamili, kama daftari lenye jumla ya kila siku. Daftari linanenepa, ila jibu linatoka papo hapo. Faili la asili huligusi, unaliweka pembeni mpaka siku ya kukabidhi.

Njia ya bure yenye vitufe ni HandBrake, programu ya kubadili mafaili ya video. Ingiza video, chagua kodeki ya H.264 ya x264, punguza ukubwa uwe 720p (mistari 720 ya pikseli kwenda chini), kwenye mwendo wa fremu, yaani idadi ya fremu kwa sekunde, chagua ule ule wa video yako, kisha weka alama palipoandikwa "Constant Framerate". Washa "Fast Decode". Kwenye kisanduku cha mipangilio ya ziada, chini kabisa ya ukurasa wa video, andika keyint=1. Hilo neno moja ndilo linaloifanya kila fremu iwe kamili, na watu wengi hawalifikii.

Kwa anayependa amri, FFmpeg inafanya yote kwa mstari mmoja:

ffmpeg -i ngoma.mp4 -vf "scale=-2:720,fps=30" -c:v libx264 -g 1 -crf 20 -tune fastdecode -pix_fmt yuv420p -c:a pcm_s16le -ar 48000 ngoma_kazi.mov

Hapo "-g 1" ndiyo fremu kamili kila mara, "fps=30" ni mwendo usiobadilika, na "48000" ni sauti inayolingana na desturi ya video. Kama simu ilishikwa wima, badili ukubwa uandike scale=720:-2.

Ukiwa na programu ya kuhariri video inayotoa kodeki za DNxHD, DNxHR au ProRes, tumia hizo bila wasiwasi. Zimetengenezwa kwa kazi hii hii, kila fremu inajitegemea. Chagua daraja la chini kabisa, kwa mfano ProRes Proxy au DNxHR LB. Unachohitaji ni kuona fimbo inagonga lini, na rangi ya kitenge haitakusaidia hapo.

Kijana wa Newala alikaa kwenye benchi langu dakika kumi na mbili kusubiri HandBrake imalize. Akaingiza nakala mpya, akaweka mzunguko kwenye mapigo manane ya mwisho, akabonyeza kitufe cha kucheza, akainama karibu na kioo. Fimbo ikapanda, ikashuka, ikapanda. Aliacha izunguke muda mrefu bila kusema neno.

Dalili: inasuasua mwanzo hadi mwisho, hata projekti ikiwa tupu

Angalia kwanza ukubwa wa picha. Video ya 4K ina pikseli karibu milioni 8.3 kwa kila fremu, 1080p ina milioni 2.1, na 720p haifiki hata milioni moja. Simu nyingi za siku hizi zinaweza kurekodi 4K, na mtu anafurahia wakati dirisha lake la video ndani ya programu lina upana wa kiganja. Unaifungulisha kompyuta pikseli mara tisa ya zile za 720p.

La pili ni kodeki. Simu nyingi zinahifadhi kwa H.265, ambayo pia huitwa HEVC. Inabana vizuri na kuokoa nafasi, lakini kuifungua ni kazi nzito. Laptopu nyingi za mtumba tunazozitumia huku ni za miaka ya 2012 hadi 2015. Chipu za Intel zilianza kuifungua H.265 ya kawaida kwa vifaa vyake zenyewe kuanzia kizazi cha 6, na ile ya biti 10 kuanzia kizazi cha 7. Chini ya hapo kila fremu inapita kwenye prosesa, ambayo tayari ina rivabu zako za kubeba. Soma namba ya prosesa kwenye taarifa za mfumo wa laptopu: i5-4300 ni kizazi cha 4, i5-7200 ni cha 7.

Kama wewe ndiye unayeshika simu, ingia kwenye mipangilio ya kamera kabla ya kwenda uwanjani, chagua H.264 na 1080p. Kwenye iPhone kipengele hicho kimeandikwa "Most Compatible". Kama video imesharekodiwa, irudishe kwenye HandBrake kama nilivyoeleza hapo juu. Dawa ni ile ile.

La tatu, muulize aliyekuletea video ameituma kwa njia gani. Video iliyotumwa WhatsApp kama video imebanwa, na fremu zake kamili zinaweza kuwa chache. Mwambie aitume kama dokyumenti, au alete kwa flashi. Na ukishaletewa flashi, nakili faili kwenye diski ya ndani kabla ya kuliingiza kwenye projekti. Nimeona watu wanafanya kazi siku nzima video ikisomwa kutoka kwenye flashi ya bei rahisi, kisha wanalaumu programu.

Ikiwa bado inakwama baada ya nakala nyepesi, sasa ndiyo uitazame kadi ya grafiki. Weka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa chipu. Punguza dirisha la video. Kama treki ya video inaonyesha vipicha vidogo vidogo kwa urefu wote wa wimbo, vizime, maana programu inavichora upya kila unapovuta au kukuza.

Dalili: ilianza vizuri, baada ya dakika kumi ikachoka

Hili ni joto, na pwani yetu inalijua. Desemba chumba cha studio kimefungwa madirisha ili kelele za bodaboda zisiingie, kuta zimevikwa magodoro, feni imezimwa kwa sababu maiki inaisikia, na laptopu imewekwa juu ya kipande cha godoro kilichobaki. Tundu lake la kuvutia hewa liko chini. Limezibwa.

Prosesa ikipata joto kupita kiwango inajipunguza mwendo yenyewe isiungue. Fungua Task Manager ya Windows, nenda kwenye utendaji, tazama prosesa. Kuna namba ya mwendo kwa GHz. Iangalie video ikiwa laini, kisha iangalie tena ikianza kukwama. Ikiwa imeshuka kutoka 2.8 hadi 1.1, umempata mwizi. Usibadili chochote kwenye programu.

Inua laptopu kwa vipande viwili vya mbao, upande wa nyuma uwe juu. Fungua kifuniko cha chini usafishe feni kwa brashi laini. Wengi wanapuliza vumbi na kuishia hapo, lakini ukiangalia kwa tochi kati ya feni na zile bati nyembamba za shaba au alumini, utakuta vumbi limejipanga kama kitambaa. Kwa hewa yetu yenye unyevu na chumvi ya bahari, vumbi hilo hugandamana na halitoki kwa kupuliza. Livute kwa kibano. Mashine ikiwa na miaka mitano au zaidi, fundi aibadilishie na ile pasta ya joto iliyokauka juu ya prosesa. Gharama yake ni ndogo kuliko nauli ya Dar.

Ndugu ya tatizo hili ni umeme. Laptopu ikiwa kwenye betri hujibana ili chaji idumu, na video ndiyo ya kwanza kulipia. Chomeka chaja, na kwenye mipangilio ya nguvu chagua utendaji wa juu kabisa. Hakikisha pia chaja ni ya wati zinazotakiwa na mashine hiyo. Zipo laptopu ambazo zikichomekwa chaja dhaifu hubaki kwenye mwendo wa chini hata kama alama ya betri inaonyesha zinachaji, na mwenye nayo anatafuta kosa wiki nzima.

Dalili: laini kwenye projekti tupu, inakwama ukiwa na treki zako zote

Faili ni zima, sauti ndiyo imemaliza chakula.

Ongeza bafa. Ukishamaliza kurekodi huna haja ya 128, nenda 1024. Kwa 48,000 hiyo inaipa kompyuta milisekunde 21 badala ya 2.7, na makombo ya video yanaongezeka mara moja. Ukitaka kurekodi sauti ya mwimbaji tena, rudisha chini kwa muda huo tu.

Gandisha treki za ala, zile zenye sampuli nyingi (hapa ni vipande vya ala halisi vilivyorekodiwa) na sintesaiza nzito. Cubase, Logic, Live na REAPER zote zina njia ya kugandisha, yaani kuigeuza treki iwe sauti ya kawaida kwa muda bila kupoteza uwezo wa kuirudia. Rivabu iwe moja inayotumiwa na treki kumi, isiwe kumi kwa treki kumi.

Kisha kuna diski. Treki moja ya sauti ya biti 24 kwa 48,000 inakula kilobaiti 144 kwa sekunde, kwa hiyo treki 24 hazifiki megabaiti 4. Hiyo si kitu hata kwa diski ya zamani ya kuzunguka. Taabu ni kwamba diski ile ina mkono mmoja tu wa kusomea, nao mkono huo unatakiwa uwe kwenye video, kwenye treki 24 na kwenye maktaba ya sampuli kwa wakati mmoja. Unakimbia huku na huku, na kila safari inagharimu milisekunde kadhaa. SSD, diski isiyozunguka, haina mkono wa kukimbiza. Kama lazima utoe hela, anza na SSD, kisha angalia RAM, ile kumbukumbu ya muda ya mashine. Laptopu ambayo grafiki zake zinatumia RAM ya mashine hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa na vipande viwili vinavyofanana kuliko kimoja, kwa sababu njia ya kupitishia data inakuwa pana mara mbili.

Kizuia virusi kiambie kisichunguze folda ya projekti. Simamisha programu za kupakia mafaili mtandaoni, na zima kivinjari chenye vichupo thelathini.

Dalili: inaruka kwa mpangilio, kama moyo unaodunda

Hapa sikiliza kwa macho. Kama miruko inakuja kwa nafasi zinazolingana, mara kadhaa kila sekunde, mashine yako haina hatia. Ni mwendo wa fremu usiolingana.

Tanzania tulirithi desturi ya fremu 25 kwa sekunde ya televisheni, na programu nyingi watu wanaziwekea 25. Simu zinarekodi 30. Ukibadili 30 kuwa 25, katika kila fremu 6 moja inatupwa, unapata miruko mitano kila sekunde. Ukibadili 25 kuwa 30, moja katika kila tano inarudiwa. Kwenye mchezaji wa sindimba anayezungusha kiuno utauona mruko huo bila kuutafuta. Kwa hiyo usibadili. Projekti ifuate video: video ya 30, projekti ya 30. Kama kuna kamera mbili, kubalianeni kabla ya kurekodi.

Hata ukipatanisha vyote, video ya 25 kwenye kioo cha 60 Hz (kinachochora picha mara 60 kwa sekunde) itakuwa na mtikisiko mdogo kamera ikizunguka polepole, kwa sababu 60 haigawanyiki kwa 25. Kama monita yako inakubali 50 Hz, iweke hapo. Kama haikubali, jua tu kwamba faili ni zima.

Usichanganye hili na picha inayopepesa mwanga au kuwa na mistari myeusi inayopanda. Hiyo ni taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, na taa zinazofuata umeme huo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Kwenye ukumbi wa harusi weka kasi ya shata ya kamera (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe 1/50 au 1/100 ya sekunde.

Wanaotumia Live waangalie jambo moja la ziada. Kipande cha video kikiwa na "Warp" na kikafuata tempo ya wimbo, picha nayo inavutwa au kubanwa pamoja na sauti. Fanya video iwe kiongozi wa tempo, au izime "Warp" kwenye kipande hicho.

Dalili: picha laini, lakini mkono na pigo vinaachana

Kama mwanzo viko pamoja na kufikia dakika ya tatu mkono umechelewa, mara nyingi ni mwendo wa fremu unaobadilika. Simu haishiki 30 kamili. Mwanga ukipungua jioni inashuka hadi 24, ikipata joto inayumba, kisha inarudi. Baadhi ya programu za muziki zinahesabu fremu kana kwamba zote zina urefu mmoja, na kosa linajumlishwa taratibu. Ile "Constant Framerate" ya HandBrake, au "fps=30" ya FFmpeg, ndiyo tiba yake.

Tofauti ikiwa kubwa mno, hesabu: dakika tatu zimezidi kwa kama sekunde 16, na sauti imeshuka kwa zaidi ya nusu toni, basi sauti ya 48,000 inachezwa kama 44,100. Projekti ya video iwe 48,000 tangu siku ya kwanza.

Tofauti ikiwa ile ile mwanzo hadi mwisho, kagua hedifoni za Bluetooth na televisheni iliyochomekwa kwa HDMI. Vyote viwili vinachelewesha. Tumia hedifoni za waya, na televisheni iweke kwenye hali ya michezo ya kompyuta.

Dalili: dirisha jeusi, sauti ipo

Programu haina kodeki. REAPER kwenye Windows mara nyingi inahitaji VLC au FFmpeg ya biti zile zile: REAPER ya 64, VLC ya 64. Ukikuta mwongozo wa zamani unaokwambia uweke QuickTime kwenye Windows, uache. Apple iliacha kuitunza mwaka 2016, na ina matundu ya usalama ambayo hayatazibwa.

Siku ya kukabidhi

Nakala ya kazi haiendi kwa mteja. Toa sauti iliyokamilika kama WAV ya biti 24, 48,000, ikianzia sifuri ya video bila kukata kitu, kisha iunganishe na picha nzuri kwenye programu ya kuhariri video. Kama faili la asili lilikuwa la mwendo unaobadilika, usiliunganishe lilivyo, sauti itaachana nalo tena huko. Litengenezee kwanza nakala nyingine ya 1080p yenye mwendo thabiti na ubora wa juu, hiyo ndiyo ipokee sauti.

Kagua sehemu mbili: pigo la kwanza ambalo fimbo inaonekana wazi, na pigo la mwisho kabla ngoma haijanyamaza. Nenda fremu kwa fremu. Kwenye ile ya mwisho tafuta fremu ambayo ncha ya fimbo imegusa ngozi, halafu tazama wimbi la sauti chini yake. Mlima wa pigo uanzie ndani ya fremu hiyo hiyo.

Ukiwa hapo, mwite mpigaji mwenyewe aje atazame.